Sungura Ni wa Nani?

Hebu fikiri, msomaji, ya kuwa umeamka alfajiri ukamwona sungura akila kabeji katika shamba la baba yako. Shamba ni lenu, na hati yake imo sandukuni. Kabeji nazo ni zenu. Je, sungura ni wa nani? Huenda ukacheka kuulizwa swali la namna hii. Lakini katika nchi ya Uingereza swali hilo liliwashughulisha wafalme, wabunge na mahakimu kwa karne nyingi, na wako watu waliofungwa, waliopelekwa uhamishoni, hata walionyongwa, kwa sababu ya majibu yake.

Sheria ya kale ya Waingereza ilisema kwamba mnyama wa mwitu hana mwenyewe mpaka akamatwe au auawe. Leo yumo katika shamba lako, kesho yumo katika shamba la jirani, naye haombi ruhusa kwa yeyote. Basi mtu akimwinda sungura hawezi kuitwa mwizi, maana ameiba mali ya nani? Hapo ndipo wakubwa wa nchi ile walipopata taabu. Walitaka wanyama wawe wao peke yao, lakini hawakuwa na njia ya kusema wameibiwa. Kwa hiyo hawakutunga sheria juu ya mnyama. Walitunga sheria juu ya mtu: ni nani, anamiliki nini, ameshika nini mkononi, na amesimama wapi.

Mfalme William alipoishinda nchi mwaka 1066 alitenga misitu mikubwa kwa uwindaji wake, na adhabu za misitu hiyo zilichukiwa mno, hata mwaka 1217 ikatolewa Hati ya Misitu iliyoahidi kwamba hakuna mtu atakayeuawa wala kukatwa kiungo kwa sababu ya kulungu wa mfalme. Hayo tuyapite. Sheria ninayotaka uitazame kwa makini ni ile ya mwaka 1671. Bunge, lililojaa makabaila, liliamuru ya kwamba asiye na ardhi yake mwenyewe yenye pato la pauni 100 kwa mwaka haruhusiwi kuwinda, wala kuweka bunduki, wavu, au mbwa wa kuwindia. Hizo zilikuwa fedha nyingi sana siku zile. Mkulima wa kadiri, mwenye shamba lake halali lakini dogo, alikatazwa kumpiga sungura anayemla kabeji zake! Tena walinzi wa mawindo, ambao waliajiriwa na kabaila, waliweza kupewa amri ya kuingia nyumbani mwake mchana kupekua na kuchukua bunduki na nyavu. Hakimu aliyetoa amri hiyo alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa kabaila wa jirani, rafiki wa yule mwenye walinzi.

Mwaka 1723 mambo yalizidi. Katika misitu ya kusini palitokea makundi ya watu waliojipaka masizi usoni wasitambulikane, wakaua kulungu na kutishia wenye mbuga. Bunge likapitisha upesi sheria iliyoitwa Sheria ya Weusi, kwa ajili ya hayo masizi. Kwa sheria hiyo mtu aliyekutwa msituni na silaha, uso umepakwa masizi, aliweza kunyongwa, ijapokuwa hajaua hata ndege mmoja. Kubeba silaha mahali pasipo pake kulihesabiwa kuwa kosa kamili. Sheria hiyo ilikaa vitabuni miaka 100, mpaka sehemu yake kubwa ilipofutwa mwaka 1823.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila mwindaji wa usiku alikuwa baba mwenye njaa ya watoto. Wako waliokuwa hivyo, na walikuwa wengi, hasa baada ya malisho ya kijiji kuzungushiwa ua na kugawanywa kwa wenye nguvu. Lakini wako pia waliowinda kwa biashara. Tangu mwaka 1755 ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kuuza nyama ya mawindo, na matajiri wa London wasiokuwa na mashamba walipenda kula kware na sungura kama wengine. Basi nyama ilisafiri kwa siri katika magari ya farasi, ikauzwa kwa bei nzuri. Bunge lililokataza mauzo ndilo lililompa jangili soko lake.

Makabaila nao walitega bunduki vichakani, zilizofungwa uzi ili anayeugusa gizani apigwe risasi. Bunduki ya namna hiyo haina macho. Ilimpiga jangili, na ilimpiga vilevile mtoto aliyekuja kutafuta kuni. Ilipigwa marufuku mwaka 1827. Mwaka uliofuata, 1828, ikaja sheria ya uwindaji wa usiku: aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa mpaka miezi 3 kwa kazi ngumu, mara ya pili miezi 6, na mara ya tatu aliweza kuhamishwa ng'ambo miaka 7. Wakiingia watu 3 au zaidi usiku kwa nia ya kuwinda, hata mmoja wao akiwa na bunduki au rungu, wote waliweza kuhamishwa mpaka miaka 14. Ng'ambo yenyewe ilikuwa Australia, safari ya miezi kadhaa baharini, na wengi hawakuwaona tena wake zao.

Sharti la pauni 100 liliondolewa mwaka 1831. Toka hapo aliyenunua leseni aliweza kuwinda, na nyama ikauzwa dukani. Lakini aliyeingia mchana katika ardhi ya mwingine kutafuta mawindo alitozwa faini, na mpangaji wa shamba mara nyingi alikuta mkataba wake umemwachia kabaila wanyama wote. Ilimbidi angoje mpaka mwaka 1880 ndipo alipopewa haki, isiyoweza kuondolewa na mkataba wowote, ya kuua sungura wanaokula mazao yake.

Sasa, msomaji wa Kenya, utaniuliza haya yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu fikira hizo zilipanda meli zikaja kwetu. Mwaka 1900 serikali za Ulaya zilizotawala Afrika zilitia sahihi mjini London mapatano ya kuhifadhi wanyama wa bara hili. Leseni zikaanzishwa. Theodore Roosevelt, alipokwisha kuacha urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909, na katika safari yake ya Afrika yeye na mwanawe waliua wanyama 512, naye akaitwa mwindaji hodari. Leseni kubwa ya siku hizo ilikuwa pauni 50. Lakini Mwaata wa nyika ya Tsavo, ambaye baba zake walimpiga ndovu kwa upinde na mshale wa sumu tangu zamani, hakuwa na pauni 50. Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 alijikuta jangili katika mahali alipozaliwa, na katika msako wa mwaka 1956 na 1957 Wawaata wengi walifungwa. Wanunuzi wa pembe, waliopata faida iliyo kubwa zaidi, hawakufungwa kwa wingi kama wao.

Walakini ndovu nao hawakuwa hadithi. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki za kivita waliwaangamiza, hata nchi iliyokuwa na ndovu zaidi ya laki moja ikabaki na chini ya 20,000. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo mwaka 1977, kwa tajiri na maskini pamoja. Nasi tulijibu swali la sungura kwa namna yetu: mnyama wa mwitu ni wa taifa, hata akiwa ndani ya ua wa mtu binafsi. Mwenye ranchi na bunduki yenye leseni hana ruhusa ya kumpiga pundamilia kwa kuwa tu amesimama katika ardhi yake.

Uingereza nayo, tangu mwaka 1968, humtia hatiani anayeingia katika ardhi ya mwenzake na bunduki bila ruhusa wala sababu ya haki, awe anawinda au hawindi. Na ile sheria ya 1828, ingawa uhamisho umeondolewa, haijafa. Mwaka 2022 Bunge liliongeza adhabu zake. Waliolalamika safari hii walikuwa wakulima, ambao magari yaliingia mashambani mwao na kuponda ngano, yamejaa watu wanaowaachia mbwa sungura ili washindanie fedha. Wakulima wengine walitishwa walipotoka kuuliza ni nani huko gizani.