Utando, Kiungo na Ushahidi wa Mfupa: Mkono wa Livingstone kutoka Ujiji hadi London

David Livingstone alipokutana na Henry Morton Stanley mjini Ujiji mwaka 1871, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishi na kilema kwa miaka 27. Mwaka 1844, huko Mabotsa katika Afrika Kusini ya leo, simba aliuvunja mfupa wake wa juu ya kiwiko, nao haukuunga.

Kilema hicho hakielezeki bila kuutazama utando unaofunika mfupa. Nomino utando imetokana na kitenzi tanda, na ndivyo ulivyo: umetanda juu ya mfupa wote isipokuwa penye gegedu ya viungo. Tabaka lake la nje ni la nyuzi ngumu; la ndani lina seli zinazozalisha mfupa mpya. Mfupa ukivunjika, seli hizo hushiriki kujenga daraja kati ya vipande. Vipande vikichezacheza mno, daraja halikamiliki, na mahali hapo huweza kufanyika kiungo bandia. Kiswahili kina mzizi mmoja kwa mambo haya mawili, kwani kiungo ni zao la unga. Katika mkono wa Livingstone, kiungo kilizaliwa pale ambapo mfupa ulishindwa kuunga.

Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Susi, aliyekuwa naye Ujiji, pamoja na Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwezi Aprili, mjini London, daktari mpasuaji William Fergusson aliutambua mwili kwa kiungo hicho bandia. Ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili.

Masimulizi mengi humwachia Fergusson neno la mwisho. Hata hivyo, mfupa ulithibitisha jambo moja tu: mwili ulikuwa wa nani. Alivyougua, alivyokufa na njia uliyopitishwa mwili wake vilijulikana kwa vinywa vya waliombeba. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi, na maelezo yao yakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka huohuo. Historia inayouamini mfupa na kuyapuuza maelezo hayo ina vipande ambavyo havijaunga.