Chenji ya rada na siri iliyovuja

Wiki hii kwenye semina ya historia ubishi ulikuwa mkali: siri za serikali zikimwagwa mtandaoni, mwananchi anafaidika nini? Wenzangu wakakimbilia Marekani na Julian Assange. Mimi nikasema tusiende mbali, tunayo ya kwetu: chenji ya rada. Kule kwetu Mchombe chenji ni ile unayorudishiwa dukani ukinunua sukari. Hii ilikuwa ya nchi nzima.

Kwa kifupi, serikali yetu ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno, na hata waziri wao Clare Short aliipinga, lakini mwishoni mwa 2001 kibali cha kuiuza kikatoka. Baadaye ikajulikana kuna dalali alivuta kama dola milioni 12. Wachunguzi wa Uingereza wakaanza kuchimba.

Sasa siri yenyewe. Julai 2007 mkuu wa TAKUKURU, Edward Hoseah, aliongea na mwanadiplomasia wa Marekani. Desemba 2010 WikiLeaks wakauanika waraka wa maongezi hayo. Kwa mujibu wa waraka, alisema dili la rada lilikuwa chafu na liligusa watu wa Wizara ya Ulinzi na jeshi, kwamba Rais Kikwete hakuwa tayari kuona sheria inawafikia vigogo, na kwamba yeye Hoseah alihofia maisha yake. Ulipovuja, alikana kumsema Rais hivyo.

Jamani tuwe wakweli, waraka ule haukurudisha hata senti. Makubaliano ya BAE kulipa yalishatangazwa Februari 2010. Walikiri kosa la kutotunza hesabu vizuri, rushwa hapana! Mwaka 2012 zikaja pauni milioni 29.5, zikaenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Basi uvujaji ulisaidia nini? Ulituonyesha kwamba bosi wa kuzuia rushwa anaweza kumnong'oneza mgeni mambo ambayo sisi wenye nchi hatuambiwi. Hilo ni kubwa. Lakini tazama pia aliyeachwa uchi: si dalali, ni yule aliyefungua mdomo. Kesho nani tena atasema?

Ndiyo maana mimi naona uvujaji ni dalili ya ugonjwa, siyo dawa. Tangu 2015 tunayo sheria ya kuwalinda watoa taarifa, ila inamlinda anayepeleka habari kwa mamlaka husika. Ukizimwaga hadharani, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakusubiri. Na kama kigogo ndiye mamlaka, utampelekea nani?

Mtu akiweza kusema ukweli mchana kweupe, hakuna kitakachobaki cha kuvuja. Sisi walimu watarajiwa tutawafundisha watoto uraia kwa vitabu vya namna hiyo, tujue vilipatikanaje.

Haya wadau, mnasemaje?