VEXAS: Ugonjwa wa wazee uliojificha nyuma ya majina mengine

Kabla ya mwaka 2020 ugonjwa huu haukuwa na jina, ingawa wagonjwa walikuwepo. Wengi wao walikuwa wanaume waliopita miaka 50, ambao ghafla walianza kushikwa na homa za mara kwa mara bila maambukizi yoyote kuonekana. Gegedu za masikio na pua zilivimba, ngozi ikatoka mabaka yenye maumivu, mapafu yakaathirika, damu ikaganda mishipani, na upungufu wa damu ukazidi kuwadhoofisha.

Mtaalamu wa viungo aliona ugonjwa wa gegedu. Wa ngozi akaona sindromu ya Sweet. Wa damu alipochunguza uboho, akasema umeanza kushindwa kutengeneza damu. Kila mmoja alisema kweli juu ya alichokiona, lakini mzee akabaki na majina matatu na homa ileile. Steroidi zilimpa nafuu, na dozi ikipunguzwa tu, maradhi yalirudi.

Huko Bethesda, Marekani, kwenye taasisi za serikali za utafiti wa afya, Daniel Kastner alikuwa amezifuatilia homa za aina hii kwa miaka mingi. Alikuwa miongoni mwa waliogundua, mwaka 1997, jeni inayosababisha homa ya kurithi ya Mediterania. Wakati ule safari ilianzia kwenye familia: tafuta ndugu wenye dalili zinazofanana, kisha isake jeni. Wazee hawa hawakuwa na ndugu waliougua kama wao.

David Beck, mtafiti wa timu ya Kastner, akaanzia upande wa pili. Aliziweka dalili kando, akapekua taarifa za jeni za watu zaidi ya 2,500, wengi wao wakiwa na homa au uvimbe usioelezeka. Alichagua jeni zaidi ya 800 zinazohusiana na yubikwitini, protini ndogo ambayo seli huibandika kwenye protini zilizochakaa ili zivunjwe. Wanaume watatu wakaonekana na hitilafu mahali pamoja, kwenye jeni ya UBA1. Wengine 22 wakapatikana baadaye.

Hitilafu hiyo hawakuzaliwa nayo. Ilizuka ukubwani katika seli mama moja ya uboho, na vizazi vya seli hiyo vikaenea kwenye damu. Kwa sisi tuliozoea kuhesabu jeni kuwa urithi wa baba na mama, hili ni jambo zito: wazazi hawakumpa mgonjwa hitilafu hiyo, na yeye hawarithishi wanawe. UBA1 imo katika kromosomu X. Mwanamume ana moja tu. Mwanamke ana mbili, na ile nzima kwa kawaida humkinga.

Kwenye hadubini, seli changa za uboho zilijaa vishimo vitupu, vakuoli. Kutokana na vishimo hivyo, kimeng'enya kinachotokana na UBA1, kromosomu X na tabia nyingine za ugonjwa, likaundwa jina VEXAS, lililotangazwa mwishoni mwa 2020. Kati ya wagonjwa wale 25, kumi walikuwa wameshafariki.

Mwaka 2023 ikadhihirika kwamba ugonjwa si adimu kama ulivyodhaniwa. Katika kumbukumbu za watu zaidi ya 163,000 wa mtandao wa hospitali za Geisinger, Pennsylvania, takriban mwanamume mmoja kati ya 4,300 waliozidi miaka 50 alikuwa na hitilafu hiyo. Kati ya watu 11 waliopatikana, wawili walikuwa wanawake.

Steroidi bado zinatumika, pamoja na dawa iitwayo azasitidini na zile za kutuliza kinga ya mwili. Kinachoweza kuung'oa ugonjwa wenyewe ni kupandikiza uboho wa mtu mwingine, tiba ambayo kwa mzee aliyekwisha kudhoofika inaweza kumuua.