Nani Aliijua Nyota ya Kigali?

Leo ni zamu yangu ya kuandika. Nimechagua historia, lakini naanzia nyumbani kwetu Nyamirambo, maana ndiko swali lenyewe liliponikuta.

Mama mkubwa anashona. Ana cherehani moja ya kukanyaga na wateja wake wanamfuata chumbani tunamolala. Mwezi uliopita alipata chumba cha duka kando ya barabara, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Hiyo ni akiba yake yote. Akaenda kwa mzee mmoja anayesoma nyota. Mzee akamuuliza jina lake na jina la mama yake, akahesabu herufi, kisha akamwambia: nyota yako na nyota ya mji huu hazipatani, subiri mwaka upite. Jioni hiyo hiyo kaka, yaani mwanawe, akamwonyesha kwenye simu ripoti ya uchumi: Rwanda inakua, Kigali inapanda. "Mama, lipa kesho asubuhi!"

Mama mkubwa akanigeukia. "Wewe uliyesoma, kati ya hawa wawili nani anajua?"

Nikanyamaza, sikuwa na jibu. Siku zilizofuata nikaanza kutafuta: hivi huko nyuma, nani aliwahi kuutabiria mji huu, na ikawaje?

Kwanza tuelewane kuhusu nyota. Kuupigia mji hesabu za nyota si jambo la vichochoroni tu. Mwaka 762 Khalifa al-Mansur alipotaka kujenga Baghdad, aliwaita wanajimu, akiwemo Mashallah na Nawbakht, wamchagulie siku njema ya kuanza. Wakachagua tarehe 30 Julai. Baghdad ikawa kati ya miji mikubwa kabisa duniani. Sasa utasema, basi nyota zilisema kweli! Lakini angalia: siku ilichaguliwa na wanajimu, ila mahali palichaguliwa kwa sababu ya mto Tigris, mifereji, na njia za biashara kutoka pande zote. Mwaka 1258 Wamongolia wakaubomoa mji ule ule, wenye siku ile ile njema ya kuzaliwa.

Elimu hiyo ya falaki ilifika pwani yetu na ipo mpaka leo. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanamkumbuka Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, ambaye utabiri wake ulisubiriwa magazetini na redioni. Kwa hiyo mama mkubwa hakufanya kitu cha ajabu. Alifanya walichofanya makhalifa.

Hapa Rwanda watu hawakutazama nyota sana, waliaguza. Waaguzi, abapfumu, walisoma matumbo ya kuku na ya ng'ombe, au walirusha inzuzi. Mfalme hakuhamia mahali papya bila kwanza kuaguza kama pale pana heri. Makao ya mfalme yalikuwa yakihama mara kwa mara, mpaka Mwami Yuhi Musinga alipotulia Nyanza mwaka 1899. Ungemuuliza mtu wa enzi zile mji wa nchi hii utakuwa wapi, angekuambia ni pale alipo Mwami. Kigali kilikuwa kilima, na mashamba, na ng'ombe.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt, daktari aliyekuwa amefanywa mwakilishi wa serikali yake hapa, akachagua kilima cha Nyarugenge. Hakuaguza. Aliangalia ramani: pako katikati ya nchi, na njia zinakutana. Nyumba yake bado ipo, sasa ni makumbusho, mnaweza kwenda kuiona. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani. Waswahili wakajenga msikiti Nyamirambo mwaka 1913. Ndiyo maana mtaani kwetu hata leo Kiswahili hakishangazi mtu, miaka zaidi ya 100 kabla yako wewe na mimi kufika na mifuko yetu.

Wajerumani nao walikuwa na utabiri wao: reli. Walipanga reli itoke Tabora ije upande wa Rwanda, ibebe ngozi na kahawa. Vita vya 1914 vikaikatiza, wakaondoka. Mpaka leo naandika haya, Kigali haina treni.

Wakaja Wabelgiji, na kwao Kigali haikuwa kitu. Waliitawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura. Shule kubwa waliiweka Astrida, mji waliouita kwa jina la malkia wao, huko Huye ya leo. Wasomi walitoka Astrida, makarani walitoka Astrida. Mtu yeyote mwenye akili zake mwaka 1955 angeweka pesa yake Astrida. Lakini uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, mji mkuu ukawa Kigali, kwa sababu ile ile ya Kandt: pako katikati. Wakati huo Kigali ilikuwa na watu kama 6,000 hivi. Ni wachache kuliko wakazi wa baadhi ya kambi zetu.

Sasa tuje kwa wachumi, maana kaka ameshaanza kucheka anaposoma hapa. Ngoja.

Kuna Mwingereza mmoja, William Stanley Jevons, kati ya wachumi wakubwa wa karne ya 19. Yeye aliona biashara inaanguka kila baada ya miaka kama 10, akaona pia madoa ya jua yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko unaokaribia huo. Akasema: jua linabadilisha mvua, mvua inabadilisha mavuno, mavuno yanabadilisha bei. Wenzake walimcheka na hesabu zake hazikusimama. Lakini wazo la mvua na mavuno halikuwa upumbavu, kamuulize mkulima yeyote. Mimi nimemtaja tu ili kaka ajue kwamba hata wachumi walishawahi kuinua macho juu kama yule mzee wa mama mkubwa.

Katika miaka ya 1980 wafadhili wengi waliisifu Rwanda. Nchi tulivu, waliandika, barabara nzuri, miradi inakwenda. Ripoti zilikuwa na takwimu za kweli. Lakini nchi ilitegemea kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, wakulima wakaumia. Mwaka 1990 vita vikaanza, faranga ikashushwa thamani. Na mwaka 1994 yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sitasema kahawa ndiyo iliyoua watu. Watu waliuawa na watu, kwa chuki iliyofundishwa na kupangwa kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba ripoti zile za maendeleo hazikuwa na mstari wa kuandika chuki. Zilihesabu barabara na tani, na hazikuuliza kitambulisho cha mtu kimeandikwa kabila gani, wala kwa nini.

Mwaka huo uchumi wa nchi ulipungua kwa karibu nusu. Kigali ilikuwa na majengo yaliyotobolewa, maiti, na nyumba tupu. Mwenye kutabiri wakati ule angetabiri nini? Lakini waliorudi kutoka ukimbizini, wengine baada ya miaka zaidi ya 30 Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, walifungua maduka, gereji na shule. Sensa ya 2022 ilikuta Kigali ina watu zaidi ya milioni 1.7. Na wengi wa hao waliojenga tena waliwahi kuwa na karatasi kama zetu. Hilo nilipolisoma nilikaa kimya kidogo.

Halafu kuna utabiri mmoja ambao napenda kuuzungumzia, kwa sababu uliandikwa ukiwa na tarehe. Mwaka 2000 serikali ilitoa mpango unaoitwa Vision 2020. Ulisema: ikifika 2020, Rwanda iwe nchi ya kipato cha kati, pato la mtu mmoja lifike dola 900 kwa mwaka. Baadaye lengo likapandishwa mpaka 1,240. Mwaka 2020 ulipofika, pato lilikuwa karibu dola 800. Hawakufika. Lakini mpango huo huo ulitarajia umri wa kuishi ufike miaka 55 tu, na ukavuka 65. Huku walikosa kwa kuzidisha, kule wakakosa kwa kupunguza. Na mwaka huo wenyewe wa 2020, Kigali ilikuwa imejiandaa kupokea mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola mwezi Juni, hoteli zimepakwa rangi. Mwezi Machi tukafungiwa ndani kwa sababu ya Korona. Mkutano ukaja kufanyika Juni 2022. Sasa kuna Vision 2050, nayo ina namba zake.

Mnaona tofauti? Yule mzee wa nyota alisema "subiri mwaka upite". Mwaka ukipita na mambo yakawa mabaya, alisema kweli. Yakiwa mazuri, ni kwa sababu ulisubiri. Hakuna siku utakayomshika. Vision 2020 ilikosea, lakini naweza kukuonyesha ilikosea kwa dola ngapi. Kwangu mimi utabiri unaoweza kukamatwa una heshima zaidi ya ule usiokamatika, hata ukikosea. Ila na kaka nimwambie: uchumi wa nchi ukikua haimaanishi mtu atapita mbele ya duka la mama yako. Hiyo ripoti ni ya nchi nzima. Haijui barabara yetu.

Sasa sisi. Wengi wetu tumelelewa ndani ya utabiri. "Mwaka huu tunarudi." "Vita inaisha kabla ya Krismasi." Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 kwa ajili ya ndugu zetu Wakongomani, ikiwa mahali pa muda. Ilifungwa mwaka 2021, na watu hawakurudi nyumbani, walihamishiwa Mahama. Miaka 24! Mtoto aliyezaliwa pale mwaka wa kwanza aliondoka akiwa mtu mzima, na maisha yake yote aliambiwa ni ya muda. Kuna wazazi ambao hawakununua hata kitanda kizuri kwa sababu eti tunarudi. Kuna vijana ambao hawakujifunza ufundi kwa sababu eti tunapelekwa Marekani. Kutabiri kulituzuia kuishi, na hakuna aliyetuomba radhi, maana hakuna aliyeandika tarehe.

Ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, hili linawahusu pia. Mradi wa miezi 12 nao ni utabiri: mnasema baada ya mwaka kijana atajitegemea. Basi uandikeni wazi, na mwaka ukiisha rudini mtuulize, hata kama bajeti imekwisha. Mkikuta tulikosea wote, hiyo nayo ni habari. Ya mwaka unaofuata itakuwa bora.

Na sisi vijana, mtu akikutabiria, awe mganga, benki, au shangazi aliyeko Canada, muulize mambo matatu. Lini hasa? Umehesabu nini, na nini hukuhesabu? Ukikosea, nani analipa? Kwa kawaida anayelipa ni wewe. Kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kuhesabu mara ya mwisho.

Nilimweleza mama mkubwa haya yote, Baghdad, Kandt, kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno mengi, mwanangu." Kesho yake akachukua kiti cha plastiki, akaenda kukaa mbele ya kile chumba kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akafanya hivyo siku tatu, moja ikiwa Jumapili. Kila mwanamke aliyepita na kitenge kipya mkononi, au na sare ya mtoto iliyochanika, aliweka punje ya maharage kwenye kikombe. Siku ya nne akaenda na kikombe chake kwa mwenye nyumba, wakaelewana miezi 3 badala ya 6.

Duka lilifunguliwa Jumatatu iliyopita. Sijui kama litadumu, na yeye hajui. Ila ameandika kwenye ukuta, nyuma ya cherehani, kwa chaki: tarehe ya kodi inayofuata, na idadi ya nguo anazopaswa kushona kabla ya siku hiyo.

Nanyi mtuandikie: utabiri gani uliwahi kuwashikilia, na mliachana nao vipi?