Mgwisho wa Mwindo na Ngao ya Ungoni

Ukata ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, katika milima ya Wamatengo, upande ule ambao nchi huteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Aliyezoea minazi na ardhi tambarare ya pwani huona ajabu kwamba watu wanalima kwenye miteremko mikali kama ile wala mvua haiwazolei udongo. Siri yao ni ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana kama nyavu; wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu na kuyafunika majani yale, hata mlima mzima ukawa vishimo vinavyonywa maji na matuta yanayobeba maharage na mahindi. Kazi hii ina umri unaozidi miaka 100. Sehemu ya chanzo chake ni hofu: katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wangoni walipokwisha kujikita Ungoni, Wamatengo walibanwa milimani wakawa wengi mahali padogo, ikabidi ardhi hiyo hiyo iwalishe mwaka baada ya mwaka.

Mtoto wa Kimatengo, basi, alizaliwa mrithi. Lakini urithi huo hakukabidhiwa mkono kwa mkono. Palikuwa na sengu, yaani baraza la ukoo, ambapo babu, wanawe na wajukuu wa kiume walikula pamoja chakula kilichotoka katika kila nyumba. Penye sinia ndipo yalipozungumzwa mashamba, mahari, deni, ugomvi wa mipaka na aibu za vijana. Mjukuu alisikia kabla ya kusema. Alijulikana mroho ni nani na mchoyo ni nani, kwa kuwa chakula hakifichi tabia. Sengu ilififia katika karne ya 20, nyumba zilipoanza kula kila moja peke yake. Swali ililolishughulikia halikufifia. Je, nguvu anayozaliwa nayo mtu ni yake tangu siku ya kwanza, au humngojea akue?

Swali hilo ndilo kiini cha tendi nyingi kubwa za Afrika, nazo hazilijibu kwa namna moja.

Wapenzi wa ushairi wa pwani watamkumbuka kwanza Fumo Liyongo. Utendi wake mashuhuri uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa habari zenyewe ni kongwe kuliko utendi huo kwa karne kadhaa. Ndani yake Liyongo huingia akiwa jitu tayari. Msomaji haonyeshwi utoto wake, wala siku aliyojaribu upinde akashindwa. Nguvu zake ni kamili kama mwezi wa kumi na nne, na kwa sababu hiyo haziwezi ila kupungua. Tena ugomvi wake na mfalme wa Pate ni ugomvi wa urithi; wapo wataalamu wanaouona kuwa ni mgongano wa sheria mbili, ile ya kurithisha upande wa mama na ile ya kurithisha mwana wa kiume. Anayemwua mwishoni ni mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya kuahidiwa binti wa mfalme. Baba alitambua kwamba kijana ametumwa, na bado akamwambia siri. Urithi pekee aliomwachia mwanawe ulikuwa maarifa ya namna ya kumwua, nao ulitua katika mikono ambayo hakuna aliyeifunza.

Upande wa pili wa bara, kwenye misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, Wanyanga wana shujaa ambaye safari yake ni kinyume kabisa. Jina lake ni Mwindo. Habari zake zilirekodiwa mwaka 1956 na mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, kutoka kwa mghani aitwaye Candi Rureke, aliyesimulia, kuimba na kucheza kwa siku 12 huku vijana wakimpigia vijiti. Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, walichapisha matini hayo kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Ni jambo la kusikitisha kwamba Kiswahili, lugha inayosemwa sokoni Walikale kama inavyosemwa Darajani, bado hakijampa Mwindo makao yanayomstahili.

Wanyanga humwita shujaa huyu Kabutwa-kenda. Msomaji wa pwani hahitaji mkalimani kwa neno la pili: ni mtoto aliyezaliwa, akenda. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa kijiji cha Tubondo, alikuwa na wake saba, akawapiga marufuku kuzaa mtoto wa kiume. Binti huleta mahari. Mwana huja kuidai, na kukidai kiti pia. Wake sita wakazaa mabinti. Wa saba, Nyamwindo, aliyekuwa kipenzi, mimba yake ikakawia, na huku kuni, maji na mboga vikimjia nyumbani vyenyewe bila ya mchukuzi. Mtoto alikuwa akimtumikia mama yake kabla ya kuzaliwa. Alipotoka hakutoka kwa njia ya watoto wengine; alitokea kwenye kidole cha kati cha mkono wa mama, akicheka na kusema, mkononi ameshika mgwisho.

Mgwisho huo, ambao Kinyanga huuita konga, ndio ufunguo wa utendi mzima. Pwani yaujua mgwisho: ni mkia wa mnyama uliotiwa mpini, chombo cha waganga na alama ya wakubwa. Mwindo hakupewa na mganga wala hakuurithi kwa baba. Alizaliwa nao. Kwa baba alirithi hukumu ya kifo tu. Shemwindo alimrushia mikuki, ikaanguka chini. Akamzika hai, naye akatoka kaburini. Akamtia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni, nayo ngoma ikaelea, mtoto ndani yake akiimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi wa utendi huu hulipita mbio. Mtoto mwenye uwezo wa kufufuka angeweza kurudi Tubondo siku ile ile akalipize kisasi. Hakurudi. Alikwenda kwanza kwa dada wa baba yake, kisha kwa wajomba zake, ambao walimvika mavazi ya chuma waliyomfulia wao wenyewe. Mgwisho ni wake tangu tumboni. Chuma ni cha wajomba. Rehema ni ya shangazi, kwani kila Mwindo anapomwua adui, Iyangura husimama akamwombea marehemu, na kijana humfufua. Kuua alizaliwa akikujua. Kufufua kwa kuombwa alifundishwa. Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo urefu wa utendi.

Hata hivyo kijana bado ni mwenye majivuno yasiyo na kipimo. Hujisifu kila njia panda. Hata alipoiteketeza Tubondo kwa radi, aliteketeza pia watu wasiokuwa na kosa, na baba yake akakimbilia kuzimu, kwenye makao ya Muisa. Mwindo akamfuata huko huku kamba ikimwunganisha na shangazi aliyebaki juu, ili aliye hai ajue kama aliyeshuka yu mzima. Mlangoni mwa kuzimu alikutana na Kahindo, binti aliyejaa vidonda vya buba. Shujaa aliyechoma kijiji aliinama akamwosha vidonda. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakujua bado kama msichana yule ana faida kwake. Baada ya hayo ndipo Kahindo alipomfunulia mitego ya Muisa: kiti asikikalie, pombe asiinywe, chakula asikile. Bila ya ushauri ule mgwisho usingemfaa kitu.

Kisha ukaja mchezo wa bahati na Sheburungu, naye Mwindo akapoteza kila alichokuwa nacho, hata akabakiwa na mgwisho peke yake. Akauweka nao rehani. Ni hapo, alipokuwa tayari kupokonywa kile alichozaliwa nacho, ndipo aliposhinda vyote, pamoja na baba yake. Akarudi Tubondo, akawafufua waliokufa, akamkalisha Shemwindo mbele ya watu ili akiri makosa yake, wala hakumwua. Baba na mwana wakagawana nchi.

Mtunzi wa kawaida angekomea hapo, penye harusi na ngoma. Rureke hakukomea, na kwa sababu hiyo utendi wake ni mkubwa. Mwindo, ambaye sasa ni mtawala, alitamani nyama ya nguruwe mwitu. Wawindaji wakaingia msituni, wakamezwa na zimwi Kirimu. Mwindo akamwua Kirimu. Kumbe zimwi lile lilikuwa rafiki wa kuchanjiana wa Nkuba, Bwana wa Radi, yule yule aliyemsaidia kuteketeza Tubondo. Nkuba akashuka akamchukua hadi angani. Huko alikaa mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua, mwezi na jua, wala mgwisho haukumtetea. Aliambiwa kwamba yeye si mwenye nguvu peke yake ulimwenguni, na kwamba asiue tena mnyama. Aliporudi hakuimba sifa zake. Alitoa amri kwa watu: walime vyakula vingi, waishi katika nyumba njema, wasigombane, wasimfuate mke wa mwenzao, wasimcheke mgonjwa apitaye njiani. Amri hiyo ya mwisho yaelekea ilitoka moja kwa moja kwenye vidonda vya Kahindo.

Mkoa wa Ruvuma nao ulikuwa na warithi wake, lakini wao hawakuwa wa utendi. Mababu wa Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na katika miaka ya 1860 wazao wa msafara ule walikwisha kuigawa Ungoni katika dola mbili, Njelu na Mshope. Ilipofika 1905, Nkosi Mputa Gama alikalia kiti cha Njelu na Nkosi Chabruma kile cha Mshope. Wote wawili walirithi ngao, mikuki na sifa za majeshi ambayo majirani, Wamatengo wakiwamo, walikuwa wakiyakimbia. Lakini Wajerumani walikwisha kuingia, na sifa ile ilikuwa imetobolewa. Wamatengo wenyewe walipigana na Wajerumani huko Litembo mwaka 1902, wakashindwa na bunduki.

Katika hali hiyo ndipo mjumbe aitwaye Kinjala alipoleta Ungoni dawa ya maji, ile iliyoanzia Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, na ambayo iliaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Si haki kuwacheka waliopokea. Mgwisho wa Mwindo, mavazi ya chuma ya wajomba, na maji ya Kinjikitile vyote ni jibu la haja moja. Ila maji yalikuwa na jambo ambalo mgwisho haukuwa nalo: yaligawiwa kwa watu wote siku moja, kijana na mzee, bila ya kuzimu wala shangazi, na pasipo mwaka wa baridi angani. Yalikuwa na miiko yake, ni kweli, na risasi ilipopenya lilitafutwa kosa la aliyevunja mwiko. Lakini adui hakungoja mtu atimize masharti. Majeshi ya Ungoni yalivunjwa kabla ya mwaka 1905 kwisha, kisha ikaja njaa, kwani wakoloni walichoma ghala na mashamba kwa makusudi. Chabruma alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji na huko akauawa. Mputa alinyongwa mjini Songea tarehe 27 Februari 1906, pamoja na makumi ya wenzake. Jumba la makumbusho la Maji Maji limejengwa mahali hapo, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka.

Katika historia hii yupo mmoja anayewastahili washairi zaidi ya wafalme wote wawili, naye ni Nduna Songea Mbano, ambaye mji umeitwa kwa jina lake. Alikuwa nduna wa Mputa, si mrithi wa kiti. Simulizi za Songea husema kwamba siku ya kunyongwa wenzake yeye hakunyongwa. Wajerumani walidhani watamtumia kutawala watu wake. Naye alidai auawe kama wenziwe. Siku chache baadaye wakamwua. Wakati huo hakuwa na jeshi, na maji yalikwisha kuthibitika kuwa ni maji tu. Utendi wa Mwindo unasema nguvu hukua pamoja na tabia, mfano wa mti na kivuli chake. Kwa Songea mti ulikuwa umekatwa, na kivuli kikaendelea kurefuka.

Wazee wa Ungoni hueleza kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa nduna huyo, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na watu wa nchi yake, akaahidi kwamba fuvu litatafutwa. Kaburi la Songea Mbano liko mjini humo, peke yake, mbali na lile kaburi la pamoja walimolazwa wenziwe.