Nilikula Muthokoi kwa Mama wa Burma

Wasee, ukisikia Burma unafikiria nini? Kama wewe ni wa Nairobi, utasema soko la nyama pale karibu na City Stadium. Mimi pia ningesema hivyo, mpaka mwaka jana nilipomtembelea shangazi yangu Indianapolis, Marekani.

Kusini mwa jiji hilo wanaishi maelfu ya Wachin, watu wa milima ya magharibi mwa Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Wengi walifika kama wakimbizi. Karibu na kwa shangazi kuna mkahawa wao mdogo: meza sita, chai ya bure kwa kila anayeketi, na mama mwenyewe anapita kukuuliza kama umeshiba. Nikaagiza samusa thoke. Kumbe ni sambusa zetu tu, zimekatwakatwa na kuchanganywa na kabichi, vitunguu na mchuzi! Wahindi walizipeleka huko wakati wa Mwingereza, vile walituletea sisi.

Halafu akaleta sabuti. Manze, nilishtuka. Mahindi meupe yaliyokobolewa, yamechemshwa na nyama mpaka yakalainika. Mimi ni Mkamba, na hiyo ni muthokoi! Nikamwambia kwetu Machakos tunakula hivi. Akauliza Machakos ni wapi. Niliposema Kenya, Afrika Mashariki, akavuta kiti akaketi. Yeye anatoka Kalay, na nyanya yake alikuwa akiwasimulia kuhusu askari Waafrika waliopita kwao wakati wa vita.

Usiku huo nikampigia baba simu. "Eeh, baba yake babu alienda Bama," akasema, kama kitu cha kawaida tu. Nina miaka 22 na hakuna aliyewahi kuniambia!

Nikaanza kusoma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ilikuwa na askari wa King's African Rifles, wale wazee wetu wanawaita Keya. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Mwaka 1944, mvua kubwa ikinyesha, waliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw, bonde la malaria na matope ya kumeza lori. Novemba wakafika Kalemyo, yaani Kalay hiyo hiyo, wakakutana na wanajeshi kutoka India. Desemba wakateka Kalewa, na daraja likajengwa hapo kuvuka mto Chindwin.

Halafu wakarudi nyumbani. Wazungu waliopigana wakasaidiwa kupata mashamba kwenye nyanda za juu za Kenya. Mwafrika aliyepigana vita hivyo hivyo hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo Burma, baadaye aliingia msituni na Mau Mau, akajulikana kama General China. Baba yake babu hakuingia msituni. Baba anasema alirudi kuchunga ng'ombe, na hakupenda kuulizwa maswali.

Shuleni haya yote yalikuwa sentensi moja: Waafrika walishiriki Vita vya Pili vya Dunia. Niliiandika kwenye mtihani nikapata alama yangu. Kinachoniuma ni hiki: huyu mama alirithi hadithi ya wanaume wetu kutoka kwa nyanya yake, na mimi niliyepewa jina la mmoja wao sikurithi hata sentensi.

Kabla nirudi Kenya, baba alinitumia picha moja ya zamani kwa simu. Kijana mwembamba, kofia imeinamishwa upande mmoja, hacheki. Nikaipeleka mkahawani. Mama akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akawaita watoto wake kutoka jikoni waje waone. Siku hiyo alikataa pesa ya sabuti.

Babu yangu, mtoto wa huyo askari, bado yuko, lakini ameanza kusahau majina. Jumamosi hii naenda Machakos kumrekodi. Na wewe, kwenu nani alienda Bama? Kama hujui, nani bado yuko hai wa kuulizwa?