Namba 27 na Swali la Iringa



Wengi wetu tuliosoma hapa Mbeya tunaikumbuka hesabu ya kumalizia kipindi. Chukua namba nzima yoyote. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2, ikiwa witiri, izidishe kwa 3 kisha ongeza 1, rudia. Ukianza na 7 utapita 22, 11, 34, na hatua ya 16 utafika kwenye 1. Mwenzetu mmoja, mjuaji, akachagua 27. Kengele ililia chaki imekwisha, maana namba hiyo hupanda hadi 9,232 na hudai hatua 111.

Hesabu hiyo huhusishwa na Mjerumani Lothar Collatz, aliyeanza kuitafakari miaka ya 1930. Je, kila namba hurudi kwenye 1? Hadi leo hakuna aliyethibitisha. Kufikia mwaka 2020 David Barina wa Jamhuri ya Czech alikwisha kukagua kwa kompyuta namba zote hadi 2 kwa kipeo cha 68, namba yenye tarakimu 21. Zote zilirudi. Lakini kukagua si kuthibitisha.

Sisi tulikuwa na chaki tu. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na hata marufuku ilipokwisha, mashine hizo zilichelewa sana kufika shuleni.

Hivi karibuni niliandika programu fupi (saa za chakula, nisije nikaulizwa ofisini). Unaipa namba, nayo inakuonyesha safari yake na idadi ya hatua. Nikaileta shuleni. Kijana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Shikamoo mzee. Na namba hasi je?"

Nilitaka kumjibu kwamba hilo halimo. Nikakumbuka Mkwawa, Iringa. Pale, miaka ya 1960, mwanafunzi Erasto Mpemba alimwuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huweza kuganda upesi kuliko ya baridi. Wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulipima jambo lenyewe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa. Wanasayansi wangali wanabishana.

Basi tukaandika -5. Ikaja -14, -7, -20, -10, kisha -5 tena. Programu ikazunguka bila kusimama, kwa kuwa niliiagiza isimame kwenye 1 tu. Kijana akaomba chaki, aijaribu -17.